Jaruba Moja, Wenyewe Watano: Hotuba Kuhusu Shoeni za Japani ya Kale

Habari za jioni wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu. Asanteni sana kwa kuja, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja hamjapita hata nyumbani. (Niliombwa niiandike hotuba hii, nimeiandika kama nilivyoongea, pale nilipojirudia ndo nimepunguza.)

Naanza na swali dogo. Umesimama kwenye tuta la mpunga, mtu anakuuliza hili jaruba la nani? Unamtajia jina moja, la fulani, yameisha. Sasa nenda Japani mwaka 1250 hivi, simama kwenye tuta, uliza swali hilohilo. Yule aliyeinama anapandikiza miche atakwambia la kwangu, nimelirithi, na karatasi anayo. Msimamizi wa pale kijijini atakwambia na mimi nina haki humu, karatasi hii hapa. Ofisa aliyewekwa na serikali ya masamurai ya Kamakura nae ana ya kwake. Ukifika mji mkuu Kyoto kuna bwana mkubwa ambae hajawahi kukanyaga lile tope hata siku moja, nae anasema shamba langu, na juu yake tena kuna hekalu kubwa au binti wa mfalme, nae anasema langu. Watu watano, jaruba moja, na hakuna muongo hata mmoja.

Hiyo ndo shoeni, shamba kubwa la Japani ya kale. Tukisikia Japani ya kale wengi tunawaza samurai na upanga, na mara nyingi tunaelezwa kama vile ni ukabaila wa Ulaya uliohamia Asia, bwana mmoja juu kwenye ngome yake na watu wake chini wamenyamaza. Mimi picha hiyo siikubali na ndo kilichonileta hapa. Kwenye shoeni watu hawakumiliki ardhi kama tunavyoelewa sisi kumiliki, walimiliki mafungu ya mavuno, na fungu linakaa kwenye karatasi. Na kwasababu kila kitu kilikaa kwenye karatasi basi hata mkulima ikabidi ajifunze kuandika malalamiko yake, na leo miaka 700 baadae tunaisikia sauti yake, kitu ambacho kwa wakulima wa sehemu nyingi za dunia wa enzi ile hatuna kabisa.

Turudi nyuma kidogo. Karne ya 7 na ya 8 watawala wa Japani waliiga utaratibu wa China wakasema majaruba yote ni ya serikali. Kila miaka 6 watu wanaandikishwa, mtoto wa kiume akifikisha miaka 6 anapewa tan 2, ambayo ni kama nusu eka na ushee, wa kike anapewa theluthi mbili za hapo, ukifa linarudi serikalini. Ila majaruba hayakutosha, alafu kati ya 735 na 737 ikapita ndui iliyoua watu wengi mno, sehemu zikarudi kuwa pori. Serikali inataka pori lifyekwe, sasa nani atajitesa kufyeka na kuchimba mifereji kitu ambacho kesho kinarudi kwa serikali? Mwaka 723, kabla hata ya ndui hiyo, walishajaribu kusema ukifungua shamba jipya na mfereji mpya ni lako kwa vizazi vitatu. Haikutosha. Mwaka 743 Mfalme Shomu akatoa amri kwamba shamba jipya ni la aliyelifungua milele.

Hapo mlango ukafunguka, na waliopita sio maskini. Kufungua majaruba kunataka majembe ya chuma, kunataka chakula cha kulisha vibarua msimu mzima kabla hujavuna hata punje moja. Mahekalu na familia kubwa ndo walikuwa navyo. Hekalu la Todaiji la pale Nara, lile lenye sanamu kubwa ya shaba ya Buddha, mwaka 749 lilipewa ruhusa ya kumiliki mpaka cho 4000, na cho moja ni zaidi kidogo ya hekta. Ramani za mashamba yale ya mwanzo zimechorwa juu ya kitambaa, mistari imepigwa kama ubao wa dama, na nyingine zipo mpaka leo zimetunzwa kwenye ghala la hazina la Shosoin.

Mashamba yale ya mwanzo lakini yalilipa kodi kama kawaida. Kilichogeuza mambo ni msamaha. Ukiwa mkubwa unapata hati ya serikali kuu inasema shamba hili halilipi kodi, baadae ikaja na ya pili, kwamba watu wa gavana wa jimbo hawaruhusiwi hata kuingia, wasipime, wasihesabu, wasimguse mtu humo ndani. Na magavana wa enzi hizo walikuwa balaa kweli, manake gavana anachodaiwa na mji mkuu ni kiwango chake cha kodi kifike, anachokamua zaidi ya hapo ni chake.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa kijijini ambae babu yake ndo alifungua shamba. Una ardhi, una watu, ila huna jina Kyoto, na gavana anakuja kila mwaka. Unafanyaje? Unaitoa ardhi yako. Unaikabidhi kwa mkubwa, unamwambia bwana, shamba hili kuanzia leo ni lako, nitakuletea mchele kiasi hiki kila mwaka, nibakishe mimi na watoto wangu kuwa wasimamizi wake, na wewe jina lako linikinge.

Kuna mfano mmoja unaofundishwa sana, wa shoeni ya Kanokogi, jimbo la Higo, huko kusini kisiwa cha Kyushu. Mwaka 1086 bwana mmoja wa pale, Takakata, aliikabidhi ardhi ya ukoo wake kwa Fujiwara no Sanemasa, mtukufu wa mji mkuu, kwa ahadi ya koku 400 za mchele kwa mwaka, koku ni kipimo cha nafaka. Yeye Takakata akabaki msimamizi, uzao wake nao hivyohivyo. Miaka ikaenda, nguvu ya ukoo wa Sanemasa ikapungua, mjukuu wa ukoo ule anaitwa Gansai akashindwa kuwazuia watu wa jimbo, akafanya nini? Na yeye akapanda ngazi, akamkabidhi mama mmoja mkubwa wa nyumba ya kifalme koku 200 katika zile 400 ili amkinge. Yani mlinzi nae katafuta mlinzi. Nisiwafiche lakini, hati inayosimulia haya iliandikwa baadae sana, na upande uliokuwa na kesi yake juu ya shamba lilelile, kwahiyo walijipamba kidogo kwamba babu yao ndo mwanzo wa kila kitu. Ila jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda inatuonyesha vizuri.

Kila daraja la haki hizo liliitwa shiki. Shiki ya mlinzi wa juu kabisa, shiki ya bwana wa shamba, ya msimamizi, ya karani, mpaka ya mkulima mwenye jina kwenye daftari. Na shiki inarithiwa, inagawanywa, inauzwa, inawekwa rehani, bila jaruba lenyewe kusogea hata hatua moja. Mtu anaweza akawa Kyoto ana nusu ya shiki kwenye shamba la kaskazini na robo kwenye la kusini na hajui hata moja linafananaje. Wanawake nao walizishika, na sio kwa kuhesabu kwa vidole. Binti wa Mfalme mstaafu Toba, anaitwa Hachijoin, alirithi mashamba zaidi ya 100, na fungu lile baadae likazidi 200, yule mama alikuwa miongoni mwa watu matajiri kuliko wote Japani ya wakati wake. Hata kwenye familia za masamurai, karne ya 13 binti alirithi shiki na akaenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe.

Serikali ilijaribu kupambana, tusiseme ilikaa tu. Mwaka 1069 Mfalme Gosanjo alifungua ofisi ya kukagua hati, kila mwenye shoeni alete karatasi zake zikaguliwe. Madhabahu ya Iwashimizu Hachiman yalikuwa na mashamba 34, baada ya ukaguzi 21 yakapita, 13 yakanyang'anywa. Ukaguzi wa kweli huo. Lakini matokeo yake nyie wenyewe mnayaona, manake ukishasema karatasi safi ndo inayookoa shamba, kila mtu anakimbilia kutengeneza karatasi safi, na waliokuja baada yake, wafalme wastaafu, yani walioachia kiti ila nguvu wakabaki nazo, ndo wakawa mabwana wakubwa kuliko wote wa shoeni. Nyumba iliyokuwa ikusanye kodi ikawa yenyewe inaishi kwa misamaha ya kodi.

Kodi za shoeni tusifikirie mchele peke yake. Kisiwa cha Yugeshima kililipa chumvi kwa hekalu la Toji la Kyoto, wengine hariri, wengine chuma, wengine karatasi, wengine mbao. Juu ya hapo kuna kazi za mikono. Na kuanzia karne ya 13 vijiji vingi vikaanza kulipa kwa sarafu, na sarafu zenyewe za shaba zilitoka China kwa meli, mkulima anauza mchele sokoni alafu anapeleka hela.

Ndo wakaingia masamurai. Mwaka 1185 Minamoto no Yoritomo, kiongozi wa masamurai wa Kamakura, ameshashinda vita, akapata ruhusa ya kuweka watu wake kwenye mashamba, wanaitwa jito, kazi yao kusimamia kodi na amani. Mwaka 1221 mfalme mstaafu Gotoba akapigana na Kamakura akashindwa, mashamba kama 3000 ya upande wake yakachukuliwa, majito wapya wakamwagwa humo. Mwaka 1223 ikatoka sheria kwamba pale ambapo hapakuwa na desturi ya malipo, jito mpya apate cho moja katika kila cho 11, pamoja na nyongeza ya mchele kwenye kila tan. Sheria ilikuwa ya kumwekea jito mpaka asizidishe. Alizidisha. Wajapani wana methali mpaka leo, mtoto anayelia na jito, hao wawili huwawezi.

Sasa hapa naomba mnisikilize taratibu. Mwaka 1275, shoeni ya Ategawa, milimani jimbo la Kii. Wakulima wa pale wanadaiwa mbao na bwana wao wa juu, mbao zimechelewa, wameulizwa kwanini. Wakaandika majibu, vifungu 13, na wameandika kwa katakana, zile herufi rahisi za sauti, sio zile za Kichina za makarani na watawa. Herufi zenyewe zinapanda na kushuka. Kifungu cha 4 wanaeleza hivi kwa ufupi, mbao zimechelewa kwasababu jito anatuchukua kwa kazi zake za Kyoto na za hapahapa, wachache tuliobaki tukienda mlimani kukata mbao anatufukuza anaturudisha, anasema nendeni mkapande ngano kwenye mashamba ya wale waliotoroka, na msipopanda ngano hii tutawafungia wake zenu na watoto wenu, tutawakata masikio, tutawakata pua, tutawanyoa nywele tuwafanye kama watawa wa kike, tutawafunga kamba tuwatese.

Nimelisoma hilo mara nyingi na kila nikifika kwenye pua nasimama. Ila angalieni pia walichofanya wale watu. Hawakulia tu. Wamejua bwana wa juu na jito wanagombania mavuno yaleyale, kwahiyo kila ubaya wa jito ni hasara ya bwana wa juu, wakamwandikia yule ambae mfuko wake unaumia. Zile haki zilizopangana juu ya mgongo wao ndo hizohizo walizitumia, kumshtaki huyu kwa yule. Barua ile imetunzwa mlima Koya mpaka leo.

Na walikuwa na njia nyingine. Wakiamua jambo kwa pamoja wanakutana kwenye madhabahu ya kijiji, wanaandika kiapo, wote wanatia alama, karatasi inachomwa, majivu yanachanganywa na maji matakatifu wanakunywa kwa zamu, baada ya hapo mtu hageuki. Mambo yakizidi wanahama wote, wanaingia porini, wanaacha nyumba zimezibwa kwa majani ya mianzi kuonyesha hatujakimbia, tumegoma, na humu asiingie mtu. Sheria ya Kamakura ya mwaka 1232, yenye vifungu 51, kifungu cha 42 kinamkataza bwana kuwashika wake na watoto wa mkulima aliyeondoka au kuchukua mali zake, kama amemaliza kodi kuondoka ni hiari yake. Sheria hiyo imeandikwa miaka 43 kabla ya barua ya Ategawa, kwahiyo jito yule alijua anachofanya.

Wakati mwingine mabwana walichoka kugombana wakagawana ardhi yenyewe. Kuna ramani ya mwaka 1258 ya shoeni ya Togo, jimbo la Hoki, pembeni ya bahari, ni ramani nzuri kuangalia, kuna ziwa, mashua, farasi wanakula majani, alafu katikati ya uzuri wote huo imepita mistari, huku wa bwana, huku wa jito, na juu ya mistari wakuu wawili wa Kamakura wameweka saini zao. Kilichokuwa haki ndani ya haki kikaanza kuwa mpaka wa ardhi. Mwaka 1352 Ashikaga Takauji, shogun, yani mkuu wa masamurai wa wakati huo, akaruhusu majeshi yake yachukue nusu ya kodi ya mashamba kwenye majimbo matatu ya Omi, Mino na Owari, kwa ajili ya vita, ilisemwa ni ya muda tu, na kama mnavyojua vitu vya muda, ikabaki.

Niseme pia kwamba kijiji chenyewe hakikuwa malaika, nisije nikawapamba. Mwaka 1501 mtukufu mmoja wa Kyoto, Kujo Masamoto, alihamia mwenyewe kwenye shoeni yake ya Hineno, jimbo la Izumi, akakaa miaka kama minne akiandika kila siku. Mwaka 1504 kuna njaa kali. Watu wanachimba mizizi ya kangaga, jani la porini lile, wanaitwanga, wanailoweka mtoni usiku kucha ili ikae unga wa kula. Usiku wizi wa unga huo unaanza. Wakaweka walinzi, wakawafuata wezi mpaka kwenye nyumba ya mama mmoja mhudumu wa madhabahu, wakawaua, mama na watoto wake wa kiume. Masamoto ameandika kwamba ni ukatili, ila waliiba, akawaombea kwa jina la Buddha. Kijiji kilichojua kunywa kiapo pamoja ndo kijiji hichohicho. Unga wa kulowekwa mtoni.

Mwisho wake mfumo wote ulimalizwa na Toyotomi Hideyoshi, mkuu wa vita aliyeiunganisha Japani. Kuanzia mwaka 1582 watu wake walipita na kamba na fito za kupimia, jaruba kwa jaruba, na kwenye daftari mbele ya kila jaruba wakaandika jina moja la anaelima na anaelipa. Jina moja. Matabaka yote ya shiki yakafutika. Swali langu la mwanzo likapata jibu.

Kabla sijakaa, kuna karatasi moja sijawaambia. Hekalu la Toji lilitunza hati zake, karibu 25,000, mwaka 1685 mtawala wa Kaga, Maeda Tsunanori, alilipatia hekalu masanduku 100 ya kuzihifadhia, na mwaka 2015 zikaingia kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo kuna hati za shoeni ya Niimi, jimbo la Bitchu, mashamba ya milimani. Mwaka 1461 wakulima wa Niimi walimfukuza wakala wa samurai aliyekuwa anawakamua, wakaiandikia Toji, tunataka hekalu litusimamie lenyewe. Toji wakamtuma mtawa anaitwa Yusei. Mtu mkali kwenye kodi, na njaa ndo imetoka kupita. Akamuua mkulima mmoja mkubwa aliyegoma kulipa, na mwezi wa 8 mwaka 1463 akiwa amepanda farasi akapita mbele ya nyumba iliyokuwa inajengwa bila kushuka, ikaonekana ni dharau, watu wa pale wakamfuata wakamuua.

Vitu vyake vikabaki. Mwanamke mmoja wa pale Niimi anaitwa Tamagaki, dada wa mmoja wa wasimamizi, ndo alikuwa anamhudumia. Akachukua karatasi akaliandikia hekalu Kyoto, kwa herufi za hiragana, nazo ni herufi rahisi za sauti, ameorodhesha vitu vya marehemu, hivi vimeuzwa kwa gharama za mazishi, hivi vipo. Alafu anaomba, kama mtanikubalia, nibaki na vichache vya kumkumbukia. Anataja nguo chache, moja ni vazi jeupe.

Hekalu liliiweka kwenye kumbukumbu za kodi, pamoja na hesabu za mchele na chuma.